Mtego wa nzi wanaouma mifugo: kwanza itazame miguu ya ng'ombe

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umetundika mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi ndani ya banda kwa wiki mbili, ukanasa nzi wachache tu, na ng'ombe wako bado wanapigapiga miguu chini mchana kutwa. Kosa hilo nililifanya mimi pia, na nililing'amua baada ya msimu mzima kupita.

Kabla ya kuulaumu mtego, mtambue nzi mwenyewe. Ng'ombe anayepiga miguu chini bila kutulia mara nyingi anaumwa na chafuo, nzi mdogo wa kijivu ambaye kwa mbali utamdhania nzi wa nyumbani, ila ana mrija mgumu uliochomoza mbele ya kichwa, na hupenda kuuma miguuni. Pange ni mkubwa zaidi, na jike peke yake ndiye anayefyonza damu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, dume na jike wote hufyonza damu, nawe utamjua akitua kwa sababu hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa.

Wote watatu hutafuta mnyama mchana, na hutegemea sana macho, kwa hiyo mtego uliofichwa kwenye giza la banda ni sawa na mtego usiokuwepo. Wangu nilipouhamishia nje penye jua, kati ya vichaka na njia ya mifugo, nikafyeka nyasi zote zilizouzunguka ili uonekane toka mbali na ukingo wake wa chini ukaribie ardhi, ndipo nzi walipoanza kuingia. Buluu huwavuta, weusi huwashawishi kutua, kisha wakitaka kuondoka huruka juu kuelekea kwenye mwanga na kuishia kwenye chupa iliyo kileleni. Nguzo nilizipaka grisi, kwani sisimizi walikuwa wakipanda na kula mavuno yangu yote, na kuzunguka mtego nikaweka uzio, maana ng'ombe hupenda kujikuna kwenye kitu chochote kilichosimama.

Buluu yenyewe si buluu yoyote. Ili kubana matumizi niliwahi kushona mtego wa turubai la plastiki ambalo machoni pangu halikutofautiana na kitambaa, lakini nzi wakalipuuza, kwa sababu macho yao huona mwanga ambao sisi hatuuoni. Mtego uitwao Nzi, uliobuniwa Kenya na mtafiti wa wadudu Steve Mihok na kuelezwa kwa kina katika makala yake ya mwaka 2002, hunasa makundi yote matatu, lakini rangi ya kitambaa chake huchaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa pange peke yao, mpira mweusi unaong'aa, ukining'inizwa juani chini ya mtego wenye umbo la pia, hufanya kazi nzuri. Mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa pamoja na asetoni (kimiminika kama kile cha kuondolea rangi ya kucha) huwavuta baadhi ya mbung'o; kwa chafuo wangu sikuona tofauti yoyote.

Hata hivyo, kwa chafuo mtego ni msaidizi tu. Mbung'o jike hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja kila baada ya siku 9 au 10 hivi, kwa hiyo kila jike anayenaswa ni pigo kubwa kwa kizazi chao. Chafuo hutaga mayai kwa mamia ndani ya nyasi kavu zilizolowa mkojo na kuchanganyika na samadi, na kwenye joto yai huwa nzi kamili kwa takribani wiki tatu. Hapo ndipo nilipokosea zaidi: nilifurahia chupa kujaa, huku nyuma ya hori kukiwa na rundo la mabaki ya malisho lililokuwa likioza.

Siku hizi siamini hesabu ya chupa. Kila wiki, saa ileile, huchagua ng'ombe kumi na kuhesabu nzi walioganda kwenye miguu yao ya mbele. Mtego ulipokuwa peke yake hesabu hiyo haikushuka kabisa. Ilianza kushuka wiki ya nne baada ya kuondoa lile rundo na kulitandaza juani likauke.