Grini ya gofu nyuma ya nyumba: shida haiko kwenye kapeti

SWALI: Fundi, nina nafasi ya mita 4 kwa 6 uani, hapa Kitengela, na nataka kuweka grini ya nyasi bandia nifanye mazoezi ya kuingiza mpira shimoni. Fundi mmoja ananiambia tuparure nyasi zilizopo, tumwage mchanga wa mto, tuusawazishe na kutandika kapeti. Kazi ya siku moja. Mwingine anataka kumwaga zege jembamba. Je, ninunue kapeti ya milimita ngapi?

JIBU: Milimita 10 hadi 15, nyuzi fupi zilizosongamana, basi. Ile ya milimita 30 au 40 ya kupambia bustani huukamata mpira njiani. Lakini grini yako haitaharibiwa na kapeti. Itaharibiwa na huo mchanga, na karibu kila grini ninayoitwa kutengeneza imeharibiwa na mchanga huohuo.

Mchanga wa mto umesuguliwa na maji hadi chembe zake zikawa laini. Hazishikani, hata ukizishindilia kutwa. Siku ya kwanza kila kitu kinaonekana kimenyooka, picha zinapigwa, fundi analipwa. Kisha wewe unasimama palepale karibu na shimo kila jioni, visigino vinadidimia, na chini ya kapeti vinatokea vibonde viwili. Masika yakifika, maji yanapita chini na kuusogeza mchanga kuelekea kwenye mteremko. Mpira uliopigwa vizuri kutoka mita 2 unaanza kupinda karibu na shimo, na mwenye nyumba anailaumu kapeti au mikono yake. Halafu ananiita niongeze mchanga! Jamani, ukiongeza mchanga unaongeza kilekile kilicholeta shida.

Kinachobeba grini ni kokoto zilizosagwa, kubwa kwa ndogo hadi unga wake, kwa sababu zina pembe na pembe hizo hushikana. Tandaza sentimita 10, nyunyizia maji, shindilia kwa mashine. Juu yake weka sentimita 2 au 3 za vumbi la mawe la kwari, nalo ulishindilie. Miinuko na miteremko unayotaka kuichezea hutengenezwa hapa, kwenye tabaka hili, wala si kwa kupenyeza mchanga chini ya kapeti baadaye. Eneo zima literemke kwa asilimia 1 au 2 kwenda mbali na nyumba, yaani sentimita 4 hadi 8 kwa upande wako wa mita 4.

Kabla kapeti haijafunguliwa, pima mwenyewe. Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu, kisiache alama. Laza rula ya alumini ya mita 2 mahali panapotakiwa kuwa tambarare, inama uangalie chini yake. Ukiona mwanya, parekebishwe. Mwaga ndoo ya maji na uone yanakimbilia wapi.

Kwako Kitengela kuna jambo jingine. Udongo wenu mwingi, kama wa Syokimau na Athi River, ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi. Zege jembamba juu yake litapasuka tu, na ufa utaonekana hadi juu ya kapeti. Tena zege halipitishi maji. Chimba. Udongo mweusi ukiwa haba, uondoe wote. Ukiwa na kina kirefu, ondoa sentimita 30 hadi 45, jaza moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila moja ikishindiliwa peke yake, na uchimbe mfereji pembeni ili maji ya paa yasiingie chini ya grini. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kazi hii, na ndiyo fundi wa siku moja anayoikwepa.

Kama nyasi zako ni za kikuyu, usiparure kwanza. Dawa ya kuua magugu huingia kupitia majani mabichi. Inyunyizwe nyasi zikiwa hai, usubiri wiki mbili, ndipo uchimbe. La sivyo zitachomoza tena pembezoni na kwenye maungio ya kapeti.

Shimo liwe na kipenyo cha milimita 108, na chini ya kikombe chake pawe na kokoto za kupitisha maji.

Mchanga una kazi yake, lakini ni juu, katikati ya nyuzi: mchanga wa silika, mkavu, uliochekechwa, unaoingizwa kidogo kidogo kwa ufagio mgumu. Ndio unaosimamisha nyuzi na kuupa mpira kasi. Walioko Pwani wasidanganywe kutumia mchanga wa baharini. Una chumvi na vipande vya kombe.

Siku hizi kuna na hawa wanaouza kapeti kuukuu za viwanja vya soka, zenye nyuzi ndefu na chembe nyeusi za mpira wa matairi, eti ni nyasi bandia vilevile. Si vilevile. Mpira wa gofu hauviringiki humo, na chembe hizo zinaingia hadi sebuleni na kwenye mitaro. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2023 kwa sababu ni vipande vidogo vya plastiki vinavyosambaa kwenye mazingira, ingawa wenye viwanja walipewa miaka 8 ya kujipanga. Sioni sababu ya kuzimwaga mahali watoto wanapochezea.

Na wale ambao tayari wametandika juu ya mchanga: msiitupe kapeti. Mara nyingi bado ni nzima. Iondoeni siku ya jua, pigeni mgongo wake mchanga utoke, iviringisheni kufuata mwelekeo wa nyuzi, muihifadhi kivulini huku chini pakitengenezwa upya kwa kokoto. Malipo ya pili ya fundi yatoke baada ya kipimo cha kisigino, rula na ndoo, kabla kapeti haijarudishwa.