Maswali yenu kuhusu Ancelotti: magoti, Baggio na Pirlo

Tangu kocha Mwitaliano Carlo Ancelotti akabidhiwe timu ya taifa ya Brazil, Mei 2025, maswali yenu kuhusu yeye hayakatiki. Wengi mmemfahamu akiwa mzee tayari, nyusi moja juu, anatafuna bazoka kwenye benchi. Leo najibu machache.

Kaka, kijiweni kwetu kuna ubishi. Mimi nasema Ancelotti aliujua mpira kwelikweli, mwenzangu anasema alikuwa mchezaji wa kawaida. Tuamulie. (Msomaji, Morogoro)

Mwambie mwenzako aitafute mechi ya Aprili 19, 1989, San Siro. Milan na Real Madrid, nusu fainali ya Kombe la Ulaya (ndiyo Ligi ya Mabingwa ya sasa), marudiano, baada ya sare ya 1-1 kule Hispania. Ancelotti anaupata mpira mbali kabisa na goli, anapunguza mtu, kisha anafumua shuti ambalo kila mtu uwanjani alidhani ni la kujaribu bahati. Mpira ukampita kipa juu ya mikono, wavuni. Likawa la kwanza kati ya magoli 5, na wengine waliofunga usiku ule ni Rijkaard, Gullit, Van Basten na Donadoni. Milan ilishinda 5-0. Nimelitazama goli lile mara nyingi mno, na bado naona raha.

Alizaliwa mwaka 1959 Reggiolo, kaskazini mwa Italia, nyumba ya wakulima na wafugaji. Alianzia Parma, ikiwa ligi ya chini, na mwaka 1979 alifunga mawili kwenye mechi ya mchujo iliyoipandisha daraja. Roma wakamchukua. Huko alibeba ubingwa wa Italia mwaka 1983 na Kombe la Italia mara 4. Milan akaongeza ubingwa mara 2, 1988 na 1992, na Kombe la Ulaya mara 2 mfululizo, 1989 na 1990. Hapo hakuna mchezaji wa kawaida. Ushindi ni wako.

Mbona hakuwemo kwenye kikosi cha Italia kilichotwaa Kombe la Dunia 1982? (Msomaji, Mombasa)

Goti. Aliumia vibaya mwaka 1981 akiwa Roma, na fainali zile za Hispania wakaenda wenzake. Akarudi, akachukua ubingwa, halafu mwishoni mwa 1983 goti la pili nalo likaharibika. Ndiyo maana humwoni kwenye fainali ya Kombe la Ulaya ya 1984, iliyochezwa Roma kwenyewe, Liverpool wakashinda kwa matuta.

Fikiria kijana wa miaka 24 amekosa nafasi mbili kubwa kuliko zote za maisha yake kwa magoti mawili. Alipohamia Milan mwaka 1987, pale klabuni walikuwa na hofu na magoti hayo, na kocha Arrigo Sacchi ndiye aliyeng'ang'ania asajiliwe. Hakuwa na mbio. Sacchi alimtaka kwa sababu ya kichwa: alijua mpira unaenda wapi kabla haujapigwa.

Ni kweli alimkataa Roberto Baggio? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli, na kwangu mimi hili ndilo swali zito kuliko yote mliyoleta.

Ilikuwa mwaka 1997, Baggio akiwa nyota wa Italia anayetafuta timu. Ancelotti alikuwa kocha wa Parma, kijana bado katika kazi, mwenye vipaji vya kutisha mkononi: Buffon, Cannavaro, Thuram, Crespo. Msimu wake wa kwanza walimaliza nafasi ya pili. Lakini alikuwa mfungwa wa mfumo. Kwa Sacchi alijifunza 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, na kwake 4-4-2 ilikuwa kama msahafu. Gianfranco Zola, fundi wa kucheza nyuma ya mshambuliaji, alisukumwa pembeni kushoto, na Novemba 1996 akaondoka zake Chelsea, ambako mashabiki wanamuenzi hadi leo. Kisha akaja Baggio akitaka kucheza nyuma ya washambuliaji. Ancelotti akasema kwenye timu yake nafasi hiyo haipo. Baggio akaenda Bologna, akafunga magoli 22 ya ligi msimu huo, na akarudi timu ya taifa kwa Kombe la Dunia la 1998.

Ancelotti mwenyewe amekiri zaidi ya mara moja kwamba alikosea. Ninachompendea ni kwamba hakuishia kukiri. Alipofika Juventus mwaka 1999 akamkuta Zidane, na safari hii mfumo ndio uliopindishwa. Alipokwenda Milan mwaka 2001 akamkuta Andrea Pirlo, namba 10, yaani mchezeshaji wa nyuma ya washambuliaji, ambaye hakupata nafasi Inter. Kocha Carlo Mazzone alikuwa ameshamjaribu chini, mbele ya mabeki, kwenye klabu ya Brescia, na Ancelotti akaliendeleza wazo hilo. Si jambo dogo. Namba 6 Italia ilikuwa kazi ya wakabaji, watu wa kuvunja mashambulizi. Yeye akampa mtu mwembamba asiyejua kukaba, akamwekea Gattuso ubavuni amkimbilie, na Seedorf na Rui Costa karibu yake. Mei 2003 wakawa mabingwa wa Ulaya, wakiwafunga Juventus kwa matuta mjini Manchester.

Kocha aliyewakosa mafundi wawili akaja kujenga timu yenye mafundi watatu kwa pamoja. Nikisikia mtu anasema Ancelotti hana mbinu, kazi yake ni kuelewana na mastaa tu, hukumbuka njia hiyo kutoka Zola hadi Pirlo.

Istanbul 2005 aliimezaje? (Msomaji, Bukoba)

Kwa shida. Ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa: Milan 3-0 mapumziko, Liverpool wakarudisha yote ndani ya dakika 6 na kushinda kwa matuta. Ila kikosi kile hakukivunja. Miaka miwili baadaye, kwenye fainali ya Athens, walikutana tena na Liverpool. Inzaghi akafunga mawili, Milan wakashinda 2-1.

Kwa rekodi hiyo, mbona hutimuliwa kila mara? (Msomaji, Nairobi)

Chelsea alichukua ligi na Kombe la FA mwaka 2010, mwaka uliofuata kibarua kikaota nyasi. Napoli, Desemba 2019, timu ilishinda 4-0 kwenye Ligi ya Mabingwa na usiku huohuo akafutwa kazi. Matajiri hawana subira. Lakini hesabu hizi hakuna anayeweza kumnyang'anya: ubingwa wa ligi Italia, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Hispania, kocha wa kwanza kuzikamilisha zote 5; na Ligi ya Mabingwa mara 5, 2003 na 2007 akiwa na Milan, 2014, 2022 na 2024 akiwa na Real Madrid.

Shikamoo. Nina miaka 22, goti limenimaliza, daktari kasema mpira basi. Nataka kufundisha. Nianzie wapi? (Msomaji, Songea)

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Ancelotti alipotundika daluga mwaka 1992 hakukimbilia timu kubwa. Alikwenda kuwa msaidizi wa Sacchi timu ya taifa, akakaa naye hadi 1995, akashuhudia fainali ya Kombe la Dunia 1994 ikipotea kwa matuta mbele ya Brazil. Alisomea ukocha Coverciano, Florence. Timu yake ya kwanza ilikuwa Reggiana, daraja la pili, karibu na kwao, na aliipandisha Serie A, ligi kuu ya Italia, msimu uleule.

Kwa hiyo ulizia ofisi ya chama cha soka mkoani kwenu kozi ya leseni D ya CAF, ngazi ya mwanzo ya ukocha ya Shirikisho la Soka Afrika, itatangazwa lini. Wakati unasubiri, mfuate mwalimu wa timu ya vijana hapo Songea, mwombe akuruhusu kumpangia koni na kuhesabu mipira. Nunua daftari. Kila baada ya mazoezi andika zoezi lilikuwa nini, na muulize kwa nini amelichagua hilo na si jingine. Kozi ikitangazwa, niandikie.