Nilifunga 1KZ kwenye Hilux ya 2L: fundi alisema siku tatu

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji: "Kaka, habari za kazi. Nina Hilux ya zamani ya 2L, haipandi mlima ikiwa na mzigo. Nimepata 1KZ safi. Fundi anasema siku tatu inawaka. Nifunge?"

Nilipofika kwenye "siku tatu" nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Na mimi niliambiwa siku tatu, nilipotoa injini ya 2L nikafunga 1KZ, zote mbili injini za dizeli za Toyota. Ilikuwa miezi saba.

Hilux yangu ni ya 1994, ilikuja na 2L, cc 2,446 (ndio ujazo wa silinda zake), dizeli isiyo na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu. Sitaisema vibaya ile injini, imenisomeshea watoto. Lakini ukiipakia tani moja halafu mlima ukawa mrefu, unapanda na gia namba mbili, mguu umezama mpaka kwenye kapeti, moshi mweusi nyuma, na nyuma ya moshi kuna msururu wa magari yanakupigia honi. Siku moja shemeji yangu, aliyekaa kiti cha pembeni, aliniuliza kama ashuke asukume. Alikuwa anatania. Mimi sikuipokea kama utani, na nakiri hapa kwamba nusu ya uamuzi wa kununua 1KZ ilitokana na kauli ile.

Nusu iliyobaki ilikuwa ujinga wa cc. Nilitaka "elfu tatu", basi. Sasa sikiliza hesabu ambayo sikuipiga: 1KZ ina cc 2,982. 5L ina cc 2,986. Yaani 5L inaizidi 1KZ kwa cc 4! Kinachoifanya 1KZ ikuache kwenye mlima ni tabo, wala si ukubwa wa tumbo. Na 5L, pamoja na 3L ya cc 2,779, ni ndugu wa damu wa 2L. Unatoa moja unaingiza nyingine, na gia boksi yako inabaki palepale. 1KZ ni ukoo mwingine kabisa, inakuja na gia boksi yake na matatizo yake. Kuna mzee mmoja pale gereji aliniambia, "Weka 5L ulale usingizi." Nikamwona amepitwa na wakati. Mzee wangu, kama unasoma hapa, shikamoo, na unisamehe.

Injini niliyonunua ilikuwa 1KZ-TE iliyotoka kwenye Hiace. Ilikuwa safi kweli, hilo sikudanganywa. Fundi aliitoa 2L asubuhi moja tu, mchana ile mpya ikawa inaning'inia kwenye mnyororo. Nikapiga picha, nikamtumia shemeji. Picha ile imenitesa mpaka leo, kwa sababu kila wiki aliniuliza, "Gari vipi?"

Jioni ileile ikaonekana kwamba sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haikai, umbo lake ni la kule ilikotoka. Mauntingi, vile vishikio vya injini, zikakatwa, zikachomelewa upya. Injini ikakaa, lakini boneti ikagoma kufunga kwa upana wa vidole viwili. Tukaitoa tena. Tukatafuta sampu nyingine. Tukairudisha. Haya ni mambo ya spana na welding, yanachosha lakini yanaisha.

Yasiyoisha ni ya waya.

Herufi ya E mwishoni mwa 1KZ-TE ina maana pampu ya dizeli inaendeshwa na kompyuta. Ukiwa umezoea 2L, ambayo ukiipa dizeli na betri inawaka, hili linakupita. Aliyeikata ile injini kwenye gari lake alipita na mkasi kwenye fungu la waya kama kinyozi. Waya zaidi ya hamsini, zote zimekatwa sentimita chache kutoka kwenye injini, na kompyuta niliyopewa ndani ya mfuko wa plastiki ilikuwa ya gari la otomatiki wakati langu ni la manyuo. Fundi wangu akaanza kuunganisha kwa kufuata rangi: nyekundu na nyekundu, nyeupe na nyeupe. Nikageuza ufunguo. Stata ikazungusha vizuri, injini ikapumua, lakini haikushika. Tukafanya hivyo wiki mbili. Wiki ya tatu fundi akaanza kutopokea simu, na siku nilipomfuata nikaambiwa amesafiri, huku viatu vyake vya kazi viko mlangoni. Sitamtaja. Lakini vile viatu sitavisahau.

Miezi miwili iliyofuata sina cha kusimulia. Gari lilikaa juu ya mawe, kuku wakataga ndani yake.

Aliyeniokoa ni kijana wa umeme wa magari, umri wa mwanangu wa kwanza. Hakugusa spana. Alitafuta kwanza mchoro wa waya wa injini ile, akakaa kwenye ndoo na tepu nyeupe na kalamu, akavika kila waya jina lake: hii ya sensa ya joto, hii ya pampu, hii ya ethi, inakwenda kwenye bodi. Siku nne za tepu na kalamu. Nikatafuta kompyuta ya gari la manyuo. Siku ya tano injini ikashika kwa mzunguko wa kwanza, na mimi mtu mzima nikaenda nyuma ya choo nikafuta macho.

Nilidhani nimemaliza. Kutoka tu getini nikakanyaga breki, pedali ngumu kama jiwe. Kwenye injini hizi upepo wa kusaidia breki unavutwa na pampu ndogo inayoendeshwa na injini yenyewe, na mpira wake ulikuwa umeachwa unaning'inia. Mpira mmoja! Nilisimamisha gari kwa hendibreki na dua. Propela shafti, ile nondo inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nayo ikatikisa gari zima kuanzia kilomita 80 kwa saa mpaka ilipokatwa na kusawazishwa upya.

Halafu rejeta. Hapa ndugu zangu naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili.

Nilibakiza rejeta ya 2L, ile inayopoza maji ya injini. Ilikuwa haivuji, nikaona kununua nyingine ni kupoteza pesa wakati pesa zimeshapotea za kutosha. Hedi ya 1KZ, yaani kichwa kinachofunika silinda kwa juu, ni ya aluminiamu na haina msamaha kwa joto. Na geji ya dashibodi ni mwongo mpole: imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka, ukiiona imeanza kusogea ujue shughuli imeshaanza zamani. Wiki ya tatu barabarani nikaupanda ule mlima na mzigo wangu, namba nne, nikiimba. Kesho yake alfajiri nikawasha gari, baada ya dakika moja nikaminya mpira wa juu wa rejeta. Injini bado ya baridi, mpira umejaa upepo umekuwa mgumu kama mpira wa miguu. Nikafungua kibuyu cha maji, nikaona vipovu vinapanda kimoja kimoja, taratibu, kama soda. Nilijua bila kuambiwa: upepo wa ndani ya silinda unavujia kwenye maji. Hedi ilipofunguliwa ilikuwa na ufa kati ya vali, silinda ya pili na ya tatu.

Hedi moja ina thamani ya rejeta kadhaa. Hiyo ndiyo akiba niliyoiweka.

Kwa hiyo mkiniuliza ushauri nasema: anza na rejeta. Kabla ya injini, rejeta. Kabla ya tabo kukusisimua na ule mluzi wake, rejeta yenye unene wa kutosha, feni inayoshika sawasawa, na geji ya joto inayosoma namba. Mimi yangu nimeifunga pembeni ya usukani, naitazama kuliko ninavyoitazama barabara, jambo ambalo pia si zuri. Halafu waya: ukinunua injini yenye kompyuta, nunua na fungu lake lote la waya mpaka kwenye kompyuta yenyewe, na kompyuta iwe ya aina ya gia boksi utakayotumia. Kama muuzaji anasema waya "zitapatikana tu", ondoka. Kama hutaki haya yote na gari ni la kazi, chukua 5L. Vijana hamtaki kusikia hivyo, hata mimi sikutaka. Mnataka mluzi. Na breki pia zitazamwe, gari lililokuwa linapanda kwa 30 sasa linateremka kwa 100 na diski zilezile za zamani. Na mkishamaliza, peleka namba ya injini mpya ikaandikwe kwenye kadi ya gari na bima ijue, msingoje siku ya ajali.

Jumamosi iliyopita nilipanda mlima ule tena. Hedi mpya, rejeta mpya, tani moja kamili nyuma, namba nne, joto nyuzi 91. Nikalipita lori, nikalipita basi. Shemeji alikuwa kiti kilekile cha pembeni. Nikageuka nimwone uso. Alikuwa ameinamia simu yake, hakuona kitu. Tulipofika juu akauliza kama tumeshaanza kupanda.

Msomaji wangu, jibu lako ni hili: usilipe bado. Nenda pale ilipo ile 1KZ, angalia mwisho wa zile waya zimekatwa wapi, unipigie picha unitumie. Na umuulize fundi wako ataweka rejeta gani. Akikujibu "hiihii inatosha", nitumie na picha ya viatu vyake.