Nataka kuinua Vigo ya mtumba, ninunue vitu gani?

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mbagala, nina Hilux Vigo dabo kebini ya 2008, ile ya injini 2KD (dizeli ya lita 2.5), nimeinunua mkononi mwa mtu mwaka jana. Nina kashamba huko ndani Mkuranga, na masika yakianza ile njia inachimbika katikati inabaki tuta, gari inakwangua chini hadi roho inauma. Alafu nikipakia simenti nyuma inakaa kama mbwa, taa zote zinaangalia minazi. Nataka niiinue. Nimeuliza mafundi watatu nimepata majibu matatu, wa kwanza kasema spesa tu (vile vipande vya chuma vya kunyanyulia) mbele na nyuma imeisha hiyo, wa pili kasema nifunge springi za Canter, wa tatu kanitajia seti nzima ya vifaa vya kuinua inchi nne ya kuagiza nje. Tairi zangu ni 265/65R17. Naomba unitajie vitu gani hasa ninunue, nisije nikamwaga hela bure. – Msomaji, Mbagala*

Marahaba mdogo wangu. Mafundi wako watatu wote wamekutajia dawa na hakuna hata mmoja aliyempima mgonjwa, mana gari ya 2008 iliyopita mikono ya watu wawili watatu sa hizi haiko kwenye urefu wake wa kiwandani kabisa. Springi zimechoka, bushi zimelika, labda koili moja ya mbele imeshuka zaidi ya mwenzake. Yaani inawezekana kabisa huo urefu unaotaka kuununua ni ule ule uliokuwepo ukapotea, na ukiurudisha tu basi shida yako imekwisha nusu. Ukiweka spesa juu ya springi iliyokufa umemvalisha mzee viatu vya mchuchumio, atakuwa mrefu lakini magoti ni yale yale.

Kwahiyo kitu cha kwanza kununua ni futi ya fundi cherehani. Sitanii. Paki gari sehemu ya sakafu iliyonyooka, haina mzigo, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka kwenye ukingo wa fenda, pembe zote nne, andika. Usipime kutoka chini ardhini kwasababu tairi ikipungua upepo inakudanganya. Alafu tafuta jamaa mwenye Vigo kama yako ambaye unajua springi zake ni mpya, pima na ya kwake. Kulia na kushoto zikitofautiana zaidi ya sentimita moja usinunue chochote bado, kuna kitu kimevunjika au bushi imekwisha, kitafute kwanza.

Cha pili lala chini ya gari na tochi, uangalie ni nini hasa kinachokwangua. Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kama chuma kinachong'aa kwa kukwanguliwa ni tumbo la difu ya nyuma (lile duara la chuma katikati ya eksili, chuma kinachounganisha tairi mbili za nyuma), basi hakuna spesa, koili wala springi duniani itakayokusaidia, kwasababu difu iko kwenye eksili na eksili imekaa juu ya tairi. Unaweza ukainua bodi mpaka ghorofani, difu itabaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake. Tairi yako ya 265/65R17 ina urefu wa milimita 776 hivi, ukienda 265/70R17 unapata 803, tofauti ni 27, na kwakuwa difu iko katikati ya duara inapanda nusu yake, kama milimita 13. Ndo hiyo. Kidogo lakini kwenye tuta la Mkuranga kidogo hicho unakisikia. Lakini kama kinachokwangua ni kile kibati cha chini ya injini, krosimemba (chuma kinachokatiza chesisi), fut-bodi au tenki, hapo sawa, kuinua springi kunasaidia kweli.

Haya sasa tuje kwenye vitu vyenyewe. Kwa gari ya kazi mimi nakushauri usipite inchi mbili, yaani milimita 50. Nitakwambia kwanini mbele huko.

Mbele, Vigo ya fowili (inayosukumwa na tairi zote nne) inatumia koili imevaa kwenye shokapu, zimekaa katikati ya am ya juu na ya chini, yaani ile mikono ya chuma inayoshika tairi. Njia nzuri ni kununua koili ndefu mpya pamoja na shokapu zake za urefu unaoendana, pea nzima. Kama umefunga bampa la chuma au winchi mbele, mwambie muuzaji, koili yake inakuwa nzito zaidi, ukichukua ya kawaida itakaa chini ndani ya wiki. Spesa ya juu ya shokapu ni njia ya bei nafuu na si haramu, ila elewa hesabu yake, shokapu haijakaa kwenye tairi imekaa katikati ya am, kwahiyo spesa ya milimita 25 inakupa karibu mara mbili yake pale kwenye fenda. Mimi mwenyewe zamani hizo sikuijua hii hesabu. Nilitaka inchi mbili, nikaenda kwa fundi wa kukereza nikachongesha spesa za inchi mbili kamili, nikafunga, gari ikasimama kama twiga na mimi nikapiga picha. Wiki ya tatu buti za jointi zote mbili zimepasuka, grisi imetapakaa kwenye rimu, na kila nikipita tuta la barabarani naskia ko! ko! kule juu, kumbe boljointi ya juu imefika mwisho wa mwendo wake. Nikavua zote. Zile spesa mpaka leo zinazuia mlango wa banda la kuku usijifunge.

Na hiyo ndo sababu ya kukwambia usipite inchi mbili. Ekseli za mbele zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi zinapinda zaidi kadri unavyoinua, jointi zinafanya kazi kwenye pembe mbaya. Mpaka inchi mbili am za juu za kiwandani kwa kawaida zinavumilia na fundi wa alaimenti anaweza kuirudisha gari kwenye mstari. Ukipita hapo unaanza kununua am za juu za kutengenezwa maalum na vipande vya kushusha difu ya mbele ili ekseli zinyooke. Na hiyo ya inchi nne aliyokutajia fundi wa tatu, hapo inabidi difu ya mbele na krosimemba zake zishushwe kwa mabano, hiyo ni gari nyingine kabisa unaijenga, kwa shamba la Mkuranga ya nini?

Nyuma ndo kuna ugonjwa wako mkubwa. Springi za Canter hapana. Ile imetengenezwa kwa lori, kwenye Vigo tupu haitapinda hata kidogo, utarudi Mbagala mgongo umekatika, na nyuma ikikosa kushika barabara ikiwa imelowa itakuzungusha. Kuongeza kipande kimoja kwenye springi zilizopo inasaidia kama zenyewe bado nzima, ila zako nahisi zimekwisha. Na tafadhali usimpe fundi azichome moto ili azikunje upya, chuma cha springi kikichomwa hovyo kinapoteza ugumu wake, zitasimama vizuri siku mbili alafu zinalala au zinakatika. Nunua seti mpya iliyoinuliwa inchi mbili, na hapa kuna swali moja la msingi, unabeba kilo ngapi *kila siku*? Springi hizi zinauzwa kwa uzito, kuna za gari inayotembea tupu, kuna za mzigo wa kama kilo 300 wa kudumu, kuna za 500. Mfuko wa simenti ni kilo 50, mifuko kumi ni 500. Kama simenti unabeba mara moja kwa mwezi chukua ya kati, usinunue ya mzigo mkubwa kwa ajili ya siku moja ukateseka siku 29. Na mifuko ishirini ni tani moja mdogo wangu, ukijumlisha na watu wanne kebini, hapo hata springi mpya zitakulilia.

Pamoja na springi nunua bushi zake, shako (vile vishikio vya mwisho wa springi kwenye chesisi), senta bolti na yu-bolti mpya. Yu-bolti za zamani usirudishe, zikishakazwa zinakuwa zimevutika. Shokapu za nyuma nazo ndefu, na urefu wake usikisie, weka jeki kwenye chesisi, simamisha kwenye stendi, acha eksili ining'inie na springi mpya zikiwa zimefungwa, pima kutoka tundu la juu mpaka la chini, shokapu ikivutwa mpaka mwisho iwe ndefu kupita hapo kidogo, la sivyo shokapu ndo itakuwa inazuia eksili na itang'oka. Hapo hapo angalia paipu ya breki ya nyuma haijavutika.

Kuna kitu kimoja mafundi wengi wanakiruka na mimi ndo kinaniuma zaidi. Angalia juu ya eksili ya nyuma kama kuna kifimbo cha chuma kinachopanda mpaka kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Hiyo valvu kazi yake ni kusoma mzigo, gari ikishuka nyuma inaelewa umepakia, inaongeza breki za nyuma, gari ikiwa juu inaelewa iko tupu inapunguza ili tairi zisijifunge. Sasa ukiinua gari inchi mbili ukakiacha kifimbo kama kilivyo, valvu inaamini gari iko tupu siku zote, hata ukiwa na mifuko kumi mgongoni unateremka mlima. Kazi kubwa ya breki inabaki mbele. Kama yako inayo, mwambie fundi akisogeze au akirekebishe kifimbo kwa kiasi kile kile ulichoinua, na usiondoke gereji kabla hujaona amefanya.

Wakati wa kufunga, bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho kabisa gari ikiwa imesimama kwa tairi zake chini, sio ikiwa juu ya jeki, vinginevyo bushi zinajikunja siku zote na kuchanika. Koili ifunguliwe na kifaa chake cha kubana, sio kwa waya na maombi, ikichomoka inaua mtu. Baada ya hapo alaimenti lazima, kaza yu-bolti tena ukishatembea kama kilomita 500, shusha taa maana utapofusha watu wote wa Kilwa Road, na watu wa bima waambie umebadilisha gari. Ukiweka tairi za 265/70 spidomita itasema 100 wewe uko 103 na ushee, kumbuka hilo kwenye tochi za trafiki.

Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Ilala kutafuta, beba namba ya modeli iliyo kwenye kibati, KUN25 ndo fowili ya injini ya lita 2.5 kama yako na KUN26 ya 3.0. Alafu shokapu za mtumba achana nazo, na ukiambiwa "hizi zimetolewa kwenye Vigo ya Japani" cheka tu uondoke, Toyota waliacha kuuza Hilux Japani 2004 wakairudisha 2017 ikiwa sura nyingine, Vigo hawakuiuza kule.

*Fundi habari. Yangu ni Vigo imetoka Thailand, iko juu vizuri tu, lakini kwenye tope la Chanika inakwama kirahisi kuliko hata Noah ya jirani. Nikiiinua tena itasaidia? – Mama wa bucha, Gongo la Mboto*

Nzuri dada yangu. Chungulia mbele chini ya injini, kuna difu na ekseli mbili zinazokwenda kwenye tairi? Kama hakuna basi hiyo ni Prerunner, kule Thailand ziko nyingi, imesimama urefu wa fowili lakini inasukumwa na tairi za nyuma peke yake, na nyuma hamna uzito ukiwa huna mzigo. Kuiinua haitaongeza chochote. Hela hiyo nunua tairi nzuri za tope, weka mifuko miwili mitatu ya mchanga nyuma masika, punguza upepo kidogo ukifika kwenye tope na uujaze tena ukirudi lami.

*Mkuu, mi nina Hilux ya zamani LN106, springi mbele na nyuma. Kuna jamaa anataka kunichongea bloku za chuma zikae juu ya eksili pande zote nne. Vipi? – Kijana wa Keko*

Nyuma sawa, bloku fupi ya chuma kizima au alumini, moja kila upande, sio mbili zimebebanishwa, na yu-bolti ndefu mpya. Mbele usiweke hata siku moja, ile eksili inabeba usukani na breki kubwa, bloku ikichomoka mbele huna gari. Mbele nunua springi zilizokunjwa zaidi, na ukishafunga angalia ile fimbo inayotoka kwenye gia boksi ya usukani, isiwe imelala pembe kali.