Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Stelingi Analia

Mwanangu Hamisi,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na babako naye kausikia. Unasema mlikuwa mnaangalia sinema ya RRR chumbani kwako, mkafika pale Bheem anapochapwa viboko hadharani na anayemchapa ni rafiki yake mwenyewe, machozi yakakutoka, na wenzako wakakucheka mpaka sinema ikaisha. Kisha ukaniuliza: "Mama, hawa wanaume wa sinema za Kihindi, mtu anapiga watu hamsini peke yake, halafu anamlilia rafiki yake mbele ya watu. Kwa nini kwao hiyo si aibu, na kwetu ni aibu?"

Nimeona nikuandikie, maana jambo hili nimekua nalo na ninalipenda, na ujumbe wa sauti hautatosha.

Katika sinema zile, kupigana ndiyo sehemu nyepesi. Tangu anapokata tiketi mtazamaji anajua adui atapigwa. Asichokijua ni hiki: huyu mwanamume yuko tayari kupoteza nini kwa ajili ya mwenzake? Ngumi haziwezi kulijibu swali hilo. Linajibiwa usoni, kwenye wimbo, kwenye mkono unaokataa kuachia mkono mwingine. Ndiyo maana mtengenezaji wa sinema kule India, akitaka tuamini kwamba fulani ni shujaa, mara nyingi hutuonyesha kwanza anampenda nani.

Chukua Sholay. Ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, mwongozaji Ramesh Sippy, hadithi imeandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Wewe umeiona vipande vipande kwenye simu. Sisi tuliiona ukumbini, na vijana wa wakati ule walikuwa na sheria yao: stelingi hafi. Hata akizungukwa na bunduki kumi, watu walikuwa wanatulia vitini, maana stelingi hafi. Sasa Sholay ina stelingi wawili, Jai ambaye ni Amitabh Bachchan na Veeru ambaye ni Dharmendra, na mmoja anakufa.

Angalia jinsi anavyokufa, kwa sababu jibu la swali lako liko pale. Jai na Veeru ni wezi wadogo wadogo. Wakishindwa kuamua jambo, Jai anarusha sarafu. Mwanzoni, kwenye treni, polisi aliyewakamata amejeruhiwa na wao wana nafasi ya kutoroka. Wamwache au wampeleke hospitali? Sarafu inarushwa, inasema wamwokoe. Mwishoni wako darajani, majambazi wa adui yao Gabbar Singh wanakuja, risasi zinakwisha, Jai ana jeraha. Mmoja lazima abaki awazuie. Sarafu inarushwa tena: Veeru aende, Jai abaki. Veeru anaporudi anamkuta mwenzake anakata roho, anampakata, na baadaye anaigeuza ile sarafu mkononi. Pande zote mbili zina sura moja. Hapakuwa na bahati nasibu hata siku moja. Kila mara Jai alikuwa ameshaamua mwenyewe, na mara ya mwisho aliamua Veeru aishi.

Dharmendra alisifika India nzima kwa misuli yake wakati ule, na pale analia bila kujificha. Ukumbini kwetu wanaume waliokuwa wakipiga miluzi tangu mwanzo walinyamaza, na niliona leso nyingi. Halafu angalia utaratibu wa hadithi: Veeru analia kwanza, ndipo anakwenda kumtafuta Gabbar. Kilio ndicho kinachomnyanyua. Kama asingelia, yale mapigano ya mwisho yangekuwa vurugu tu za mtu mwenye hasira.

Na usidhani sinema ile inasema wanaume wote walie kwa namna moja. Veeru kila kitu chake kiko nje. Akikataliwa mchumba anapanda juu ya tangi la maji amelewa, anatishia kujirusha mbele ya kijiji kizima. Jai ni mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Anatumwa kwa shangazi wa Basanti, binti ambaye Veeru anamtaka, akamposee Veeru, anamsifia rafiki yake kwa namna ambayo kila sifa inageuka kuwa kasoro, mpaka bibi wa watu anakataa katakata. Hakuna popote tunapoambiwa kwamba mmoja ni mwanamume zaidi ya mwenzake. Kwa hiyo kati ya hao waliokucheka, usishangae kama yupo Jai mmoja.

Sasa nyimbo. Najua wewe unazirukisha. Usizirukishe. Wimbo wa urafiki katika Sholay unakuja mapema, kabla ya adui na kabla ya mapenzi. Wameiba pikipiki yenye kiti cha pembeni, wanaendesha, na Veeru anafika kumkalia Jai mabegani huku anapuliza kinanda cha mdomo. Sauti ni za Kishore Kumar na Manna Dey, muziki wa R.D. Burman. Watu wazima wawili wanaapa kwa furaha kwamba hawataachana hadi kufa, jambo ambalo katika mazungumzo ya kawaida mwanamume angeona tabu kulitamka. Wimbo unampa ruhusa. Kisha Jai anapokufa wimbo uleule unarudi, polepole, kwa sauti moja tu ya Kishore Kumar. Ya pili imeondoka.

Miaka miwili kabla yake kulikuwa na Zanjeer, ya 1973. Amitabh ni inspekta wa polisi, Pran ni Sher Khan, Mpashtuni mwenye nyumba za kamari. Wanagombana kituoni, Sher Khan anamwambia avue sare ndipo ataona. Naye anamfuata mtaani kwake bila sare, wanapigana mpaka wote wanachoka, na Sher Khan anaacha kamari siku ileile kwa heshima ya mtu huyu. Pran alikuwa ameigiza uovu kwa miaka mingi mno, watu walimwogopa hata kwa jina. Halafu huyohuyo, Amitabh alipozama kwenye huzuni, anainuka na kumchezea na kumwimbia ili tu acheke. Mimi tukio hilo naliweka juu ya mapigano yote ya sinema ile.

Ukitaka kujua mambo haya yametoka wapi, rudi nyuma ya sinema kabisa. Katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, yumo Karna, aliyelelewa na mwendesha gari la farasi. Siku ya mashindano ya silaha alidhihakiwa kwa kuulizwa ukoo wake, na mwana wa mfalme, Duryodhana, akasimama palepale akampa ufalme wa Anga. Baadaye sana, vita vikikaribia, Karna anaambiwa siri: wale anaokwenda kupigana nao ni ndugu zake wa tumbo moja, yeye ndiye mkubwa wao, ahamie upande wao na kiti cha enzi kitakuwa chake. Anakataa. Hawezi kumwacha mtu aliyemsimamia siku aliyokuwa hana mtu. Anakufa upande unaoshindwa, na watu wa India wamekuwa wakimlilia kwa vizazi na vizazi. Na kitabu chao cha kale cha sanaa ya maonyesho, Natyashastra, kinataja ladha nane za hisia ambazo onyesho huamsha, ushujaa na huzuni zikiwamo. Mtazamaji wa kule akipewa ushujaa mtupu anaona amepunjwa.

Mwaka 1991 Mani Ratnam aliichukua hadithi ya Karna akaileta mtaani, katika sinema ya Kitamil iitwayo Thalapathi. Rajinikanth ni Surya, mtoto aliyetupwa na mama yake. Mammootty ni Deva, mbabe wa mji. Surya anagundua kwamba ofisa wa serikali anayewasaka ni ndugu yake, na bado habanduki kwa Deva. Pale Deva anapofahamu kwamba mwenzake alikuwa anajua, na alinyamaza kwa ajili yake, mtu yule mgumu anabaki hana la kusema. Hata Salaar ya 2023 ina mzizi huo, ahadi ya watoto wawili inayomrudisha mtu mzima vitani.

Nije kwenye RRR yako. Hiyo, kama unavyojua, ni ya Kitelugu, kazi ya S.S. Rajamouli, ya 2022. Mimi niliyefundisha historia nilianza kwa kuuliza: hawa watu walikuwapo? Walikuwapo. Alluri Sitarama Raju, ndiye Ram wa sinema, aliongoza maasi dhidi ya Waingereza na akauawa 1924. Komaram Bheem wa jamii ya Wagondi alipigana na utawala wa Nizam wa Hyderabad, akauawa 1940. Hawakuwahi kuwa marafiki. Rajamouli ndiye aliyewakutanisha, na katika yote ambayo angeweza kuwabunia alichagua urafiki.

Turudie ile ngoma, Naatu Naatu, iliyopata Oscar Machi 2023. Wanashindana nani atabaki amesimama, Wazungu wote wameanguka, wamebaki wao wawili. Ram anamwona Jenny, binti wa Kizungu, anavyomshangilia Bheem, anajua rafiki yake anampenda binti yule, naye anajiangusha. Anajifanya amechoka. Bheem anashinda, Jenny anafurahi, na Ram hadai shukrani. Hapo machozi hayapo hata tone, lakini ni penzi lilelile.

Nakutajia tukio hilo pia kwa sababu kuna jambo linaniudhi katika sinema hizi, na kama mwanamke sitalinyamazia. Mara nyingi kafara ya urafiki imetolewa kwa mgongo wa mwanamke. Katika Sangam ya 1964 Gopal anampenda Radha na Radha anampenda yeye, ila kwa kuwa rafiki yake Sundar naye anamtaka, Gopal ananyamaza, anamwachia. Nani alimuuliza Radha? Watu walimlilia Gopal. Mimi nilimlilia Radha, na hadi leo sijamsamehe Gopal. Ram alipojiangusha kwenye ngoma alijitolea kilicho chake, nguvu zake na sifa zake. Tofauti hiyo uishike, nawe una rafiki na una mchumba.

Kuhusu aibu ya "kwetu", babako hapa anatikisa kichwa. Babu yako alikuwa akitoka msikitini ameshikana mkono na rafiki yake mpaka barazani, Tanga nzima inaona, na hakuna aliyegeuza shingo. Rafiki huyo alipofariki babu alilia kaburini kwa sauti. Hiyo aibu unayoisema sikuikuta nilipozaliwa.

Na kile kipande kilichokuliza, kiangalie tena, safari hii muache Bheem, mtazame Ram. Bheem amefungwa, anachapwa, lakini yuko huru kuimba. Ram ndiye mwenye kiboko, amevaa sare ya polisi wa Waingereza, anaangaliwa na gavana na mkewe. Machozi yakionekana, mpango wake wa miaka yote wa kuwapelekea watu wake silaha umekwisha. Anambembeleza mwenzake kwa sauti ya chini apige magoti, na Bheem hapigi. Waulize hao wenzako ni nani kati ya wawili wale alikuwa na hali mbaya zaidi. Wakibisha, wape sehemu ya gerezani, Ram miguu haifanyi kazi, Bheem anambeba mabegani na wanapigana hivyohivyo, mmoja akiwa miguu ya mwingine. Utamkumbuka Veeru juu ya pikipiki.

Idi ukija, niletee Thalapathi yenye maandishi chini, maana Kitamil sikijui na babako hapendi kutafsiriwa. Mlete na huyo aliyecheka kuliko wote. Chakula kitakuwapo cha kutosha.

Mama yako