Barua kwa Mwanangu Aliyeko Kampala

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza swali lililo wazi: je, mwaka 1979 Tanzania ilikuwa na haki ya kuvuka Mutukula na kwenda mpaka Kampala, au ilipaswa kuishia mpakani baada ya kuikomboa ardhi yake? Umesema swali hilo umelipata kwa mwenzako wa kazini, ambaye baba yake aliuawa Luwero, huko Uganda, mwaka 1983, naye anaamini kwamba jeshi lililomuua lilizaliwa mikononi mwetu. Mpe pole zangu kabla hujampa neno langu jingine lolote. Nitakujibu kwa kuanzia barabarani, kwa sababu tangu mkiwa wadogo mmenisikia nikisema kwamba vita ni barabara, na ingawa kaka zako walikuwa wakicheka kila nikilisema, sijaona bado mtu wa kunionyesha kuwa si kweli.

Mwanzo wake unaujua. Idi Amin alimpindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere akakataa kumtambua, na mwaka uliofuata wakimbizi wa Uganda waliokuwa kwetu walijaribu kumng'oa wakashindwa, naye akalipiza kwa kuipiga Bukoba na Mwanza kwa mabomu. Mkataba wa Mogadishu, wa amani kati yetu na Uganda, ulituliza mambo kwa miaka michache. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi lake likiwa limegawanyika na askari wake wakiasi, aliingia kwetu, akafika mpaka Mto Kagera na kutangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, ni ya Uganda. Mambo ya kiwanda cha sukari kilichoporwa, ng'ombe waliosukumwa kwenda kaskazini na watu waliouawa, ambao wanahesabiwa kuwa kama 1,500, uliyasikia kwa bibi yako wa Bunazi, aliyevuka mto kwa miguu akiwa na mjomba wako mgongoni, na mimi siwezi kuyasimulia kama yeye.

Ninachoweza kusimulia ni daraja. Barabara ya kutoka Bukoba kwenda Mutukula ilikuwa na daraja moja tu juu ya Mto Kagera, pale Kyaka. Ndege za Amin zilijaribu kulipiga zikashindwa, ndipo tarehe 3 Novemba wakalivunja kwa baruti, wakashangilia kana kwamba vita vimekwisha. Walidhani mto ule mpana na wenye maji ya kasi utawalinda kama ukuta, lakini walisahau kwamba anayevunja daraja anajifungia upande wake. Jeshi letu lilikuwa mbali, sehemu kubwa kusini ya nchi, na lililetwa kwa reli, kwa meli za ziwani na kwa magari, hata mabasi na malori ya watu binafsi yakachukuliwa. Majuma machache baadaye wahandisi wetu walilaza daraja la vyuma vya kuunganisha, na kuanzia hapo swali lilikuwa ni magari mangapi yatavuka kwa siku na yatakwama mangapi.

Lori nililokuwa naliendesha, lile Bedford ambalo ninyi mlikuja kulichezea likiwa juu ya mawe nyuma ya nyumba baada ya mimi kulinunua kama chakavu, lilichukuliwa Novemba hiyohiyo, na mwenye lori akaniomba niende nalo kwa sababu hakumwamini dereva mwingine na breki zake. Wakati huo Mwalimu alikwisha kusema redioni kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Nilipoisikia hotuba ile nilisisimka kama kila mtu, lakini nilipoiona barabara ya Kyaka mvua za vuli zikiwa zimeigeuza kuwa uji, nilijua kwamba uwezo ulikuwa bado unatafutwa kwenye matope, kwa jembe, kwa minyororo ya matairi na kwa mabega ya mgambo. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanda likapita 150,000 pamoja na mgambo, na watu hao wote walikula kila siku. Mwenye kuandika historia atakutajia makamanda wetu, Twalipo, Musuguri, Walden na Mayunga, na ni haki yao watajwe, lakini mtu wa kuwafikishia unga na dizeli alikuwa ni dereva mwenye utingo mmoja na jeki isiyoshika.

Sasa nikuambie jambo ambalo mwenzako pengine halijui. Hakuna siku moja ambayo watu walikaa wakaamua kwenda Kampala. Lengo la kwanza lilikuwa kuwatoa wavamizi, na likatimia. Mwishoni mwa Januari tukaichukua Mutukula, kwa sababu ukiwa mtu wa Kagera huwezi kulala wakati mizinga inakutazama kutoka juu ya mpaka. Kisha ikasemwa kwamba tuzichukue Masaka na Mbarara, ili Amin aadhibiwe kwa yale aliyoyafanya kwetu na ili Waganda wenyewe wapate nafasi ya kuinuka dhidi yake. Miji hiyo miwili ikaanguka mwishoni mwa Februari. Waganda wa uhamishoni hawakuwa na nguvu ya kuendelea peke yao, na Gaddafi wa Libya akaleta askari wake kumwokoa rafiki yake, basi Kampala ikawa kituo kinachofuata. Ukiitazama hivyo, kila hatua ilizaa hatua iliyoifuata, na ndiyo maana nasema vita ni barabara: ukishaingia, kila kilima kinakuonyesha kilima kingine.

Lakini nilikuwa nataka kukuambia habari za Masaka, na naona nazunguka.

Gauni la harusi la mama yako, unalolijua kutoka kwenye ile picha ya sebuleni, lilishonwa Masaka mwaka 1970. Enzi hizo nilikuwa bado utingo, na kwenda Masaka kutoka Bukoba lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wetu. Lugha zetu zinasikilizana, na biashara ilivuka mpaka bila kelele. Gauni lilishonwa na mzee mmoja aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, mtu mwenye maneno mengi, ambaye alinipunguzia bei kwa sharti kwamba nimlete bibi harusi amwone likiwa limevaliwa. Sikumleta. Mwaka uliofuata Amin alitawala, mwaka wa pili yake Wahindi walifukuzwa, na safari zikawa si za kawaida tena. Haya yote mmeyasikia. Ambalo hamjalisikia ni kwamba nilimwona tena mzee huyo.

Niliingia Masaka siku kadhaa baada ya kutekwa kwake. Mji ulikuwa umepigwa mizinga usiku kucha kabla ya askari kuingia, na baada ya kutekwa, majengo yaliyobaki yalilipuliwa kulipiza yaliyotendeka Kyaka. Niliutafuta mtaa wa lile duka nikaupita mara mbili bila kuutambua. Nilishusha magunia ya unga na masanduku ya risasi, nikapakiwa majeruhi wa kurudi nao Bukoba, na pembeni mwa majeruhi, chini ya turubai, kulikuwa na vitu ambavyo sikuvipakia mimi: baiskeli, mabati, kitanda cha chuma. Nilikuwa nimesimama nikikagua springi wakati mzee alipokuja. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile. Alinitazama, akalitazama turubai, kisha akaniuliza kwa Kiganda, taratibu, kama anayeuliza bei: «Na wewe umekuja kuchukua nini?»

Nilimjibu kwamba sikuja kuchukua, nimeleta. Ilikuwa kweli. Akatikisa kichwa kwa adabu, akaniuliza habari za mke wangu, akaenda zake. Mwanangu, nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na ninyi, na kila mara ninapolikumbuka huwa nina jibu jipya. Siku nyingine humwuliza ng'ombe wa baba mkwe wangu wako wapi. Siku nyingine humkumbusha kwamba si mimi niliyevunja daraja la Kyaka, na kwamba maiti zilizokutwa kaskazini ya mto hazikuwa za Waganda. Majibu haya yote ni ya kweli, wala hakuna hata moja linalomhusu mzee yule, ambaye hakuvuka mpaka wowote, na ambaye Amin alikuwa amemtesa kwa miaka minane kabla sisi hatujafika kumkomboa.

Basi unaona ilivyo ngumu. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba vita ni barabara, na ninaendelea kuamini hivyo, lakini mtu aliyeshika usukani miaka yote hii ajidanganye vipi kwamba barabara ndiyo iliyompeleka? Barabara haiendeshi gari. Kila penye njia panda palikuwa na mtu aliyeamua, na aliyeamua alikuwa na sababu. Tungeishia Mutukula, Amin angejipanga upya na kurudi. Hilo nalijua, kwa kuwa mkataba wa Mogadishu tulikuwa nao na haukutusaidia kitu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao mwaka 1975 ulimweka Amin huyohuyo kuwa mwenyekiti wake, ulikataa kumlaani, ukataka tu tusuluhishwe. Baadaye kule Monrovia wakatulaumu sisi kwa kuingilia mambo ya nchi nyingine, na wapo wanaosema walikuwa na hoja, kwa sababu kila jeshi litakalovuka mpaka siku zijazo litasema nalo lina sababu, uwezo na nia. Hoja hii huwa inanikera, nami huipokea nusu.

Mwenzako huenda akataka kujua kuhusu Walibya, kwa hiyo nieleze kidogo. Usiku wa tarehe 10 Machi, pale Lukaya, kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi, waliipiga kwa roketi brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ikatawanyika. Alfajiri brigedi ya 208 ilizunguka kutoka kaskazini-magharibi ikatokea nyuma yao, na mamia walikufa. Nilipita pale baadaye, kwa lami safi, na sitakuandikia nilichokiona. Gaddafi alituma pia ndege kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane na kuua wanyama, jambo ambalo watu walilicheka kwa sababu walihitaji kucheka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi kwa makusudi ili Walibya waondoke, nayo Kampala isigeuzwe kuwa Masaka nyingine. Huo ulikuwa uamuzi wa mtu aliye kwenye usukani, na ninaupenda kuliko ushindi wenyewe.

Yaliyofuata, wewe unayeishi huko unayajua kuliko mimi. Katika mkutano wa Moshi, mwezi Machi, vyama vya wakimbizi vilikuwa vimeunganishwa kwa haraka. Lule akaapishwa kuwa rais tarehe 13 Aprili na kuondolewa Juni, akaja Binaisa, akaondolewa Mei 1980, ukaja uchaguzi wa Desemba uliomrudisha Obote na ambao wengi waliukataa. Februari 1981 Museveni, ambaye alikuwa nasi katika safari hiyohiyo, aliingia msituni kupigana na serikali hiyo. Jeshi letu liliondoka kabisa mwaka huohuo, na Luwero ikageuzwa machinjio na jeshi ambalo kweli liliundwa chini ya kivuli chetu. Hapo mwenzako amesema sawa, wala usimbishie. Kwetu tuliambiwa tujifunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Mkanda ule haukulegea kwa miaka mingi, na wewe ulizaliwa katika foleni za sabuni na sukari.

Sasa unataka neno moja: ilikuwa haki au haikuwa? Ulimi unaniwasha, na mama yako anasema naufahamu wazi upande wangu ila ninaogopa kuuandika. Aprili 1979, nilipowaona watu wa Kampala wakicheza barabarani na kuwatupia askari wetu maua, ungeniuliza ningekujibu kabla hujamaliza swali. Ungeniuliza Masaka wiki ya kwanza ya Machi, ningekujibu vilevile haraka, ila kwa neno jingine. Ningekuwa mwanasiasa ningechagua siku mojawapo kati ya hizo mbili. Kwamba Amin alistahili kung'olewa, nalisema bila kusita, mbele ya mtu yeyote. Kwamba sisi ndio tuliostahili kumng'oa, na kwamba tulipomaliza tulijua tunachokabidhi na tunamkabidhi nani, hilo silisemi leo, na si kwa kukosa maneno.

Mwambie mwenzako kwamba akitaka, nitamsimulia mwenyewe akija Bukoba pamoja nawe, na kwamba nitamsikiliza kuhusu Luwero kwa muda uleule nitakaotumia kuhusu Kyaka. Mama yako, ambaye amesoma barua hii kabla ya wewe, anasema nimejibu swali ambalo hukuuliza, na anakutaka unipigie simu Jumapili uniulize tena, yeye akiwa amekaa hapohapo karibu.

Baba yako