Tangi la lita 650 kwenye vani ndogo: soma hapa kabla hujanunua

Mkuu, umeuliza kama tangi la lita 650 litaingia kwenye vani yako ndogo kwa kazi ya kuosha madirisha kwa brashi ya fimbo inayotoa maji yaliyosafishwa, na kama betri ya gari yenyewe inatosha kuendesha pampu. Kuingia litaingia. Tatizo ni uzito.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndiyo mzigo wako wote, na abiria wako humo humo. Vani nyingi ndogo zinabaki na kilo 500 hadi 800 hivi. Lita 650, tangi lenyewe, fremu, roli ya kuzungushia mpira wa maji, betri na ngazi: umeshazidisha, na hata chujio hujapakia.

Anza na kazi, tangi lifuate. Pampu ikitoa lita moja na nusu kwa dakika, nyumba inayochukua dakika 20 za brashi inakula lita 30. Nyumba kumi, lita 300. Mtu mmoja na brashi moja, tangi la lita 350 au 400 linamtosha kabisa. Hao wanaokwambia kubwa ndiyo bora, waulize springi zao zina hali gani.

Liweke nyuma tu ya viti, limegusana na ukuta wa kutenganisha. Likikaa karibu na mlango wa nyuma, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi, hasa barabara ikiwa imelowa. Chagua tangi lenye kuta za ndani zinazokata mawimbi. Maji yakifika nusu ndiyo yanakuwa korofi: umekanyaga breki, gari limesimama, halafu unasikia kishindo nyuma na gari linasukumwa tena mbele kidogo.

Kwenye kufunga usibane matumizi. Mikanda ya kufungia mizigo isikudanganye. Kwenye mgongano ambao nguvu yake inafika mara 20 ya uzito, kilo 400 zinavuta kama tani 8, na zinaelekea kisogoni kwako. Tumia fremu ya chuma, bolti zipite sakafuni, na chini ya gari ziwe na mabamba mapana ya chuma, la sivyo zitachana bati na kuchomoka. Kabla ya kutoboa, lala chini uangalie tangi la mafuta na mabomba ya breki yamepita wapi. Najua inaonekana ushauri wa kitoto, lakini mafundi wanatoboa kwa kukisia.

Betri: ya gari iache iwashe gari. Pampu za volti 12 zinazotumika kazi hii hula kama ampea 5 hivi. Betri ya pembeni ya risasi ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, inakupa saa kumi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Gari likiwa la kisasa, lenye alteneta (kifaa cha injini kinachochaji betri) inayopunguza chaji yenyewe, relei ya kawaida, ile swichi ya kuunganisha betri mbili, haitaijaza betri hiyo vizuri. Tafuta chaja ya betri kwa betri, inayochukua umeme wa betri ya gari na kuijaza hiyo ya pembeni.

Maji uyasafishie nyumbani, si garini. Chujio la utando, linalosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba na kuacha madini, linamwaga maji mengi machafu, na safari nzima utakuwa unalibeba bure. Mita ya TDS (inapima madini yaliyoyeyuka majini) ikisoma zaidi ya 10, kioo kikikauka kitabaki na madoa meupe, basi badilisha resini, zile punje zinazonasa madini yaliyobaki baada ya chujio.

Roli ya mpira iwe mlangoni upande unaoshukia. Fimbo za brashi zinakaa vizuri ndani ya bomba la plastiki lililofungwa darini. Ukuta upige plaiwudi iliyopakwa rangi ya kuzuia maji, na uache tundu la hewa, maana unyevu humo hauishi.

Ukimaliza, jaza maji, pakia kila kitu, peleka gari kwenye mizani na upime kila ekseli peke yake. Jumla inaweza kuwa sawa huku ekseli ya nyuma imezidi. Ikizidi, hamishia kwanza betri na zana mbele kabla hujapunguza maji, kwa sababu tangi lisilojaa ndilo linalochezesha gari.